Fundi Mkuu na Sofa la Heshima

Fundi Mkuu hakuwahi kuuza sofa ambalo yeye mwenyewe hajalilalia. Likishapigwa msasa, likapakwa vanishi na kuvalishwa kitambaa, alivua viatu, akalipanda, akajinyoosha na kulala usingizi wa kweli, kinywa wazi, kando ya barabara pale Keko, malori yakimpita na vumbi lao. Mteja akifika kuchukua mali yake ilimbidi asubiri mzee aamke. Wapo waliokasirika. Wengi walifurahi, wakaenda kusimulia kwao Mbezi Beach kwamba sofa lao limejaribiwa na aliyelitengeneza, na kwamba walilikuta bado lina joto lake.

Mimi ni jirani yake wa kibanda. Nashona vitambaa vya masofa na mito yake, na kwa miaka mingi kila alichokichonga yeye nilikivalisha mimi. Aliniita Mama Vitambaa. Sisi wa mstari ule wa vibanda, maseremala kwa wapaka rangi, tulimwita Fundi Mkuu, na jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulihitaji. Cheo hicho hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, na tulipoitazama kazi yake tukaona hatuna la kubisha.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni sofa lenye kina, lile ambalo ukikaa linakupokea mpaka magoti yanakaribia kidevu. Aliliita sofa la heshima. Watoto waliofanikiwa walikuja kuwanunulia wazazi wao, naye kabla ya kushika futi aliwauliza, "Mzee wako ana umri gani?" Kadiri mzee alivyokuwa mkubwa ndivyo sponji lilivyoongezeka. Siku moja nilimuuliza mtu atainukaje humo, akanitazama kwa huruma kama vile nimeuliza jua linachomoza upande gani.

"Ainuke aende wapi, Mama Vitambaa? Kafanya kazi maisha yake yote huyo. Mtu akikaa halafu akainuka upesi, hajakaa."

Misumari aliichukia. Alisema msumari ni fundi aliyekata tamaa. Yeye aliunganisha mbao kwa gundi na kwa kuzichonga ziingiane, na ukimletea kiti kilichopigwa misumari akitengeneze alikigeuza chini juu, akaguna, halafu akauliza ni nani aliyekifanyia unyama huu. Mara nyingi aliyekifanyia alikuwa amesimama hapo hapo, maana vijana wote wa mstari ule walipita mikononi mwake, na wote walipiga misumari akigeuka tu.

Msidhani alikuwa malaika. Kwa ahadi alikuwa fundi kama mafundi wengine, tena mbaya zaidi. "Njoo Ijumaa," alimwambia kila mteja, na Ijumaa ikifika alikuwa msikitini tangu asubuhi, jambo ambalo mteja hawezi kulilalamikia. Alimfokea kijana aliyechelewa dakika chache, na hapo hapo kabati la bibi harusi lilikuwa halijaguswa na harusi imeshapita. Alizipaka ndevu zake hina na akakataa kwamba anazipaka. Alichonga bakora za mninga kutokana na vipande vilivyobaki, nzuri mno, akawagawia wazee wa mtaani kwake Tabata, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kushika bakora hata goti lilipoanza kumsumbua. Bakora ni ya wazee, alisema. Waliozipokea, wengine aliwazidi umri.

Na alikuwa na kopo. Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, lililokaa juu ya rafu ya vanishi mchana na jioni likarudi naye nyumbani, na ndani yake kulikuwa na dawa. Za presha za hospitali. Za presha za zahanati ya jirani na kwake, kwa sababu ya hospitali kuna foleni. Za usingizi, alizojinunulia dukani tangu mkewe alipotangulia mbele ya haki, maana kitanda kilimwia kikubwa. Nyingine alirithi kwa shemeji yake marehemu, na alizimeza kwa kumbukumbu njema. Tena hakuwa mchoyo. Ukisema kichwa kinakugonga, kopo linafunguliwa. "Onja hii, mie ilinifaaga." Tukaonja. Ndivyo tunavyopendana sisi, mpaka kwenye vidonge, na mtu akikunyima dawa yake tunamsema kwamba ana roho mbaya.

Yeye mwenyewe alianza kuyumba. Akiinuka ghafla alishika meza, akafumba macho, kisha akasingizia harufu ya vanishi.

Alianguka alfajiri moja, nyumbani kwake Tabata, akienda kutawadha. Aliinuka kitandani, dunia ikazunguka, akaanguka kwenye korido karibu na choo, na nyonga ikavunjika. Binti yake mkubwa, aliyekuwa amerudi kuishi naye baada ya msiba wa mama, ndiye aliyenipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kulia kabla ya wakati. Sikumlaumu. Tuliokuwa watu wazima pale tulijua habari ya mzee aliyevunjika nyonga. Mama yangu mkubwa alivunjika hivyo hivyo. Alilazwa chali nyumbani akasubiri mfupa uungane, mgongo ukatoka vidonda, kifua kikajaa, na mfupa haukuungana. Mafundi wa Keko walipozipata habari walizima mashine, wakakaa. Niliwaona wakitazama kibanda chake kama watu wanaoaga.

Basi tulikuwa nyuma ya wakati. Hospitali hawakumsubirisha mfupa wowote. Siku ya pili yake wakampasua, pamoja na umri ule, bila hata kumlaza usingizi. Walimchoma sindano moja mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini akawa hana habari, na juu alikuwa macho kabisa. Wakakitoa kile kichwa cha mfupa kilichovunjika, wakamwekea cha chuma. Nilipoingia wodini kumjulia hali nilitegemea kumkuta hoi. Nilimkuta ana hamu ya kusimulia.

"Wanagonga nyundo, Mama Vitambaa! Nimewasikia kwa masikio yangu. Msumeno kwanza, halafu nyundo. Na yule anayegonga ni fundi, hagongi kwa hasira."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini? Mie nikawauliza, jamani, hicho chuma mnakishikiza na nini, msumari? Wakasema hapana mzee, gundi." Akalala nyuma kwenye mto, ameridhika kabisa. "Gundi! Hawakutumia msumari hata mmoja."

Asubuhi iliyofuata alikuja dada wa mazoezi, msichana mwembamba mwenye kiunzi cha chuma cha kushikilia, akasema, "Baba, leo tunasimama." Fundi Mkuu akageuka kumtafuta huyo baba mwingine. Binti yake akaja juu: mzee kapasuliwa jana, leo mnamsimamisha, mnataka kumuua? Hata mimi niliona ni ukatili. Lakini yule msichana hakubishana na mtu. Alimshika mzee mkanda wa kiunoni, akahesabu, na Fundi Mkuu akasimama, anatetemeka, hina ya ndevu imechuja, macho yamemtoka. Alisimama kwa muda wa kusoma Fatiha. Alipokalishwa alisema yule mtoto hana adabu, na kesho yake akaulizia mbona amechelewa.

Pale nilimwona pia daktari wa wazee. Sikujua kama yupo daktari wa namna hiyo. Daktari wa watoto namjua, wa meno namjua, lakini wazee nilidhani ni wa kila mtu. Huyu alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara kwa lafudhi, mpole wa sauti na mgumu kushindwa kwa hoja. Alimwamkia shikamoo mgonjwa, akavuta kiti, akakaa, na kule kukaa tu kulitushangaza. Akampima presha amelala, akampima tena amesimama. Ilishuka kama ndoo kisimani. Akaomba dawa zote anazotumia, zote, hata zisizo zake, na binti akaleta kopo la biskuti.

Daktari alizimwaga kitandani akaanza kuzichambua kama mchele. Vidonge viwili vya rangi tofauti, kimoja cha hospitali, kingine cha zahanati, vilikuwa dawa ile ile kwa majina mawili, naye mzee alimeza vyote kila asubuhi. Na usiku juu yake anaongeza cha usingizi. "Baba hakuanguka kwa uzee," alisema daktari. "Ameangushwa na hili kopo." Za marehemu shemeji akaziweka pembeni za kwanza. Akaacha chache, chache mno, na binti akanong'ona kwangu, "Mama, huyu ni daktari kweli? Daktari gani anapunguza dawa?" Nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Kisha daktari akauliza, "Mzee wangu, wewe unataka nini?"

Binti akajibu, "Anataka apone, apumzike tu, tumtunze."

"Nimemuuliza baba."

Nadhani tangu mkewe afariki hakuna aliyemuuliza swali lile. Wateja walimuuliza lini, sisi tulimuuliza bei gani, wanawe walimuuliza amekula. Akasema taratibu, bila mbwembwe zake zozote, "Nataka niende chooni mwenyewe. Nitawadhe mwenyewe. Huyu ni mwanangu. Sitaki anioshe."

Binti akatoka nje. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Daktari akasema inawezekana. Alisema kama mtu anayesema gari litafika. Lakini sharti atembee kila siku, na nyumbani atafutiwe kiti kirefu, kigumu, chenye mikono ya kushikia, si kitu cha chini cha kuzama, kwa sababu nyonga ile mpya haipendi kukunjwa sana, na kwa sababu mzee asiyeinuka hupoteza miguu haraka kuliko tunavyofikiri. Tukaitika ndiyo daktari, sote, mafundi waliokuwa wamekuja kumwona nao wakaitika.

Mafundi wakarudi Keko wakamchongea sofa.

Ukiwa si mtu wa kwetu utasema ni wendawazimu. Lakini fikiria. Mwalimu wao ametoka hospitalini hai, kinyume na matarajio. Watu watakuja kumjulia hali kutoka kila kona. Unamkalisha kwenye kiti kigumu kama mtoto wa shule anayengoja adhabu, halafu wageni wanakaa kwenye makochi? Watu wangesema wanafunzi wake wamemtupa. Kwa hiyo wakachonga sofa la heshima kuliko yote yaliyowahi kutoka kwenye mstari ule, la mninga mtupu, bila msumari, sponji mara mbili. Kitambaa nilishona mimi, cha rangi ya zambarau, na lazima niseme kilikuwa kizuri kweli. Sofa lilipoingizwa sebuleni Tabata, Fundi Mkuu alilipapasa pembe zote, hakuona kosa, akatokwa na machozi. Akakaa. Sofa likampokea.

Halikumwachia tena. Wageni walikuja kwa makundi na kila kundi lilileta uji, supu na amri. Usiinuke mzee. Tulia hapo hapo. Wewe mtoto, mletee babu maji. Kile kiunzi cha chuma alichokuja nacho kutoka hospitali kikawa cha kuanikia nguo. Dada wa mazoezi akija nyumbani aliambiwa mzee leo kachoka, na mzee mwenyewe alisema, "Sijambo, nashukuru Mungu," jibu linalofunga kila mlango. Alikuwa anazama. Mapaja yalikonda, sauti ikapungua, akaacha kukosoa watu, na hapo ndipo nilipoogopa, maana siku Fundi Mkuu anapita kiti kibovu bila kuguna ujue kuna jambo.

Mchana mmoja nilikuwepo sebuleni na wageni. Nikamwona anashika pembe za sofa, anajivuta, anarudi. Anajivuta tena. Alitaka kwenda msalani na hakutaka kusema. Vijana walipotambua wakamkimbilia, huyu kamshika kwapa, huyu mkono, wakamnyanyua, na walipomsimamisha walikuwa wameshachelewa. Kanzu ililowa. Kitambaa changu cha zambarau kililowa. Wageni wakatazama nje kwa adabu. Binti yake akamchukua ndani, na kupitia pazia nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, halafu nikasikia Fundi Mkuu analia, kilio kidogo cha mtu anayekizuia. Nilikaa pale nimeshika kikombe cha chai na nilikuwa na hasira, sijui na nani. Nadhani na sisi sote.

Kesho yake akawaita mafundi. Wakaja wote wakakaa kwenye mkeka, na yeye alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, kwa sababu alikataa kurudishwa kwenye sofa. Mjue kwamba kwetu zawadi hairudishwi, na ya mwanafunzi kwa mwalimu ndiyo kabisa. Mjue pia kwamba kwa miaka yote ya kumfahamu sikuwahi kumsikia akikiri kosa, si la hina, si la Ijumaa.

"Sofa ni zuri," alisema. "Halina kosa. Mngelifanya baya ningelirudisha kwa maneno makali, lakini hili nimewafundisha mie mwenyewe. Na limenishinda. Litoeni."

Mkubwa wao akasema, "Fundi Mkuu, si tulitaka kukuheshimu tu?"

"Mmeniheshimu mpaka nimejikojolea. Naomba sasa mniheshimu kwa namna nyingine. Yule daktari alisema kiti kirefu. Nichongeeni."

Wakalitoa. Milango ya Tabata haikujengwa kwa ajili ya masofa ya namna ile, wakagombana nalo kwenye kona kwa muda, na yeye kutoka kwenye ndoo yake akawaelekeza jinsi ya kuligeuza huku akiwatukana kidogo kidogo. Niliposikia matusi yale moyo wangu ukatulia.

Kiti kilikuja, akakikagua hadi uvunguni kama kina msumari. Vijana wakachonga na kishikio kirefu cha mbao, wakakifunga ukutani kuanzia mlango wa chumba chake mpaka chooni, kimelainishwa vizuri mkono usipate kibanzi. Nguo zikaondolewa kwenye kiunzi, dada wa mazoezi akarudi na kazi yake. Wageni wakapewa sheria mlangoni na binti, ambaye alikuwa amebadilika: mwenye supu karibu, mwenye amri abaki nayo. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko kwangu. Kumtazama baba yako anajivuta kutoka kitini, jasho linamtoka, nawe umekaa mikono mapajani kama huna malezi, majirani wanakuona. Aliniambia kuna siku alijifungia jikoni akang'ata kanga.

Lakini aliibuka. Dawa zilipopungua, kichwa nacho kikaacha kumzunguka. Alipoinuka kitini mara nyingi, miguu nayo ikamrudia. Daktari alipompima tena, amelala na amesimama, presha ilitulia mahali pake. Mimi kopo langu la nyumbani, maana kila nyumba ina kopo, nililibeba likaonwe. Keko nao, usiwaone vile, wakaanza kutengeneza viti virefu vya wazee na wateja wapo. Bakora pia alianza kuishika, ila ukimuuliza anasema ni sampuli, anatembea nayo apate mteja.

Nilikaa muda bila kwenda Tabata, kazi zilinizidi; nilisikia tu kwamba binti amemwekea mzee msichana wa kumsaidia mchana. Ndipo majuzi nikapita adhuhuri, nikabisha hodi. Nikabisha tena.

"Karibu!" Sauti ilitoka mbali, uani. "Ngoja, nakuja mwenyewe."

Nikangoja. Nilisikia bakora ikigusa sakafu, kisha kimya, kisha bakora. Nilitaka kusukuma mlango niingie, haukuwa na komeo, nao mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Kwetu mzee hamfungulii mtu mlango. Mzee hufunguliwa. Nikautoa mkono, nikauweka nyuma ya mgongo, nikaushika kwa mwingine. Jirani wa ng'ambo alinitazama nimesimama juani, akashangaa, na mimi nikamwacha ashangae. Bakora ilifika sebuleni. Ilisimama kidogo, ikaja tena. Kitasa kikazunguka.

Fundi Mkuu alisimama mlangoni. Uso ulikuwa umelowa na mikono ilimdondoka maji mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa ametoka kutawadha, na ncha ya kanzu yake ilikuwa kavu kabisa.

"Shikamoo Fundi Mkuu."

"Marahaba, Mama Vitambaa. Pita ndani."

Nikachungulia nyuma yake, nyumba ilikuwa kimya. "Binti yako yuko wapi?"

"Kaenda kazini."

"Na yule msichana wa kukusaidia?"

"Kwao." Akajiegemeza kwenye bakora, akanyoosha mgongo, akanitazama kuhakikisha kwamba namsikia vizuri. "Niko peke yangu humu. Tangu asubuhi."